Siku Mama Mkwe Alipoliona Ziwa

Mwaka 2013, shule zilipofungwa mwezi wa Juni, tuliamua kwenda Gombe kuangalia sokwe. Wazo lilikuwa la rafiki yangu, daktari, mtu wa Tanga aliyehamishiwa Kasulu muda mfupi baada yangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Singida, na maji mengi niliyoyajua ni ya bwawa. Yeye alikuwa amekulia pwani. Alisema mwili wake unamuwasha kwa kukosa kuogelea, na kwa kuwa bahari iko mbali, ziwa litamfaa.

Mke wangu ni Muha wa Kibondo. Alipompigia mama yake simu kumuaga, mama akasema naye anakuja. Nilishangaa. Mama mkwe alikuwa mjane, safari zake zilikuwa za shambani, sokoni na kanisani. Isitoshe, alikuwa mtu wa desturi. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kula mbele yangu, na tukisalimiana aliangalia pembeni.

"Tutakaaje boti moja?" nilimuuliza mke wangu.

"Hafuati sokwe," alisema. "Anataka kuliona lile ziwa."

Hapo nikaelewa. Mdogo wake mke wangu, kitinda mimba wa mama, aliondoka Kibondo kwenda Kigoma kuvua dagaa. Hayo yalitokea kabla sijaoa. Dhoruba ilipindua chombo chao, wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana tena. Watu walikaa msiba, wakatawanyika, lakini mama hakukubali matanga yaanuliwe. Alisema hawezi kumaliza msiba wa mtu ambaye hakumzika. Ukoo ulimsema, kisha ukachoka.

Alifika Kasulu kwa basi, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Kesho yake alfajiri tulipanda gari la daktari mpaka Kibirizi, Kigoma, kwenye ufuko wa maboti. Wanawake walikuwa wakianika dagaa mchangani. Mama alisimama, akatazama maji kwa muda, akauliza, "Ng'ambo ile ni wapi?"

"Kongo, mama," daktari alijibu.

"Na hapo katikati pana kina?"

Daktari alipenda kueleza mambo. Alianza kusema kwamba maziwa yenye kina kama hiki duniani ni ya kuhesabu, mke wangu akamkata jicho, naye akaishia hapo. Mama alishukuru kwa jibu. Ndani ya boti aliketi akinipa mgongo, mkono mmoja ameuning'iniza nje, vidole vikikata maji.

Gombe tulipokelewa na nyani waliokuwa wakizurura ufukweni. Mwongozaji, kijana wa Kiha, alitutaka tufunge mikoba vizuri, kisha akatuongoza mlimani. Mimi na daktari tulihema. Mama alikaza kitenge kiunoni akapanda kama anakwenda kuni.

Tulimkuta sokwe jike ameketi peke yake chini ya mti. Begani alikuwa na kitu mfano wa kipande cha ngozi kikavu. Mwongozaji alituzuia kwa mkono.

"Ni mtoto wake," alinong'ona. "Alikufa wiki iliyopita. Bado anambeba."

Yule jike alimshusha mapajani, akafukuza nzi, akaanza kumchambua manyoya taratibu. Daktari alikuwa ameshainua kamera. Akaishusha.

"Atambeba mpaka lini?" mama aliuliza.

"Mpaka mwenyewe atakapoona basi, mama. Siku hiyo atamweka chini, aende zake."

"Hamumnyang'anyi?"

"Hatumnyang'anyi."

Mama akasema jambo kwa Kiha. Mwongozaji aliinamisha kichwa. Baadaye mke wangu alinifasiria: "Yeye angalau ana cha kubeba."

Tuliporudi ufukweni daktari alijitosa majini, akaogelea kwa raha zake. Mama alivua ndala, akaingia ziwani mpaka magotini, kitenge kikilowa. Akaita jina la mwanawe, mara moja tu, kwa sauti ya kumwita mtu aje kula. Daktari aliacha kuogelea, akabaki kasimama na maji kifuani. Mke wangu alitaka kumfuata mama, nikamshika mkono. Mama hakuita tena. Alinawa uso, akatoka.

Tulikula katika chumba chenye nyavu madirishani, kwa sababu ya nyani. Nilinyanyuka ili nikakae nje, nimpishe mama, kama ilivyokuwa kawaida.

"Kaa, mkwe," alisema. "Sogeza huyo samaki."

Nikasogeza. Tulikula sahani moja.

Mwezi wa Agosti mama mwenyewe aliwaita wazee wa ukoo, akawaambia matanga yaanuliwe. Tulikwenda Kibondo, na daktari alikuja nasi. Wazee walipendekeza wachimbe kaburi nyuma ya nyumba, wazike mgomba badala ya mwili. Mama alikataa.

"Nimeona alipo," alisema.

Walibishana kidogo, wakamwachia. Watu walinyolewa, wakaoga, pombe ya ndizi ikazungushwa, na mtu mmoja akasimulia jinsi marehemu alivyokuwa akiwaigiza makatekista, tukacheka. Asubuhi yake tulipokuwa tunaondoka, mama alikuwa uani akimenya mihogo ya kuanika, kichwa chake kilichonyolewa kiking'aa juani. Alitutakia safari njema bila kuacha kumenya.