Propela ya Hatua Fupi

Boti ile ilikuwa ya mwanamume aliyeitwa Mshale, na jina hilo hakulipata bure. Alipenda mbio. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu wawili watatu wenye haraka zao: daktari aliyeitwa ng'ambo ghafla, mwanafunzi aliyechelewa mtihani, bwana harusi aliyesahau pete. Propela ya mashine yake aliichagua mwenyewe. Mapanga yake yalikuwa yamelala kwa namna ya kukata hatua ndefu majini, na boti ikiwa nyepesi iliteleza mpaka abiria wakashika kofia zao.

Kisha kiharusi kikampiga. Kikamchukulia mkono wa kushoto, mguu wa kushoto na nusu ya maneno. Mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, alimuuguza huku akishona, akaona mambo hayaendi. Asubuhi moja alifunika cherehani kwa shuka, akashuka gatini, akamwomba mpakizi mmoja amfundishe kuwasha mashine.

Wenye haraka walikuwa wameshajipatia boti nyingine. Yeye akabeba waliobaki: wauza mboga na magunia yao, mifuko ya saruji, magodoro, bibi mmoja na mbuzi wake. Boti ikijaa, pua ilinyanyuka juu, mkia ukazama, mashine ikaguna kama ng'ombe aliyekwama topeni. Hata akifungua mafuta yote, ulikuwa mwendo wa kujikongoja. Siku moja upepo ulimkuta katikati ya maji, na ndani yumo mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Mashine ilinguruma weee, lakini boti ilikuwa kama imefungwa kamba. Walifika, na mtoto alizaliwa salama. Jioni alimkorogea mumewe chai. Mumewe akamuuliza siku yake ilikuwaje. Akasema nzuri tu.

Kesho yake akaenda kwa fundi wa mashine za boti, mtu mnene, mpole, asiyekosa karanga mdomoni. Fundi aliikagua mashine akaikuta nzima. Ndipo akamuuliza anabeba nini, watu wangapi, magunia mangapi. Aliposikia, akatikisa kichwa.

"Propela hii ni ya mtu anayetembea mikono mitupu, mama," akasema. "Wewe una mzigo kichwani. Mwenye mzigo anapiga hatua fupi, la sivyo anaanguka."

Mama akasema kumbe ni kama nguo ya mtu mwembamba kuvalishwa mnene. Fundi akakitazama kitambi chake, akacheka mpaka karanga zikampalia.

Akampa propela mbili za kujaribu, moja ya hatua fupi kabisa na nyingine ya hatua ndefu kidogo kuliko hiyo, achague itakayomfaa. Akafunga ile fupi kabisa. Mama akamsihi asimwambie mtu, hasa mumewe. Propela ile ya zamani ndiyo kitu pekee cha Mshale kilichokuwa bado kinakwenda majini kila asubuhi, na yeye hakutaka aonekane amekitoa.

Siku hiyo boti iliondoka na mzigo wote bila kuguna. Mama alirudi nyumbani na moyo mweupe. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake dirishani, panapoonekana maji. Alikula, akasukuma sahani pembeni. Hakugusa hata redio yake.

"Umebadilisha propela," akasema mwishowe, maneno yakitoka moja moja.

Mama aliacha kuondoa vyombo. "Nani kakwambia?"

"Sikio."

Alivuta kigoda akakaa karibu naye, akamweleza yote: upepo, mama mjamzito, fundi na karanga zake. Akamwambia alivyoogopa kumuumiza. Mshale alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaugusa mkono wake kwa ule wa kwake ulio mzima.

"Kila siku nasikia mashine inavyokulemea," akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize. Ungeniuliza, ningejua bado nipo."

Mama aliinamisha kichwa kwenye goti la mumewe, naye akamwacha alie hadi akatosheka, akimpapasa kisogoni. Halafu akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja, akasema hata hii mpya siyo. Inazunguka ovyo, inapiga kelele kuliko inavyosukuma. Mwezi mmoja tu itaila mashine. Ajaribu inayofuata.

Asubuhi wapakizi wawili walimbeba kwenye kiti cha plastiki, wakimtania kwamba mshale umekuwa gogo. Hakuwa amekanyaga boti tangu augue. Fundi alikuja na kifaa cha kupimia mzunguko wa mashine. Magunia yakapakiwa kama kawaida, wauza mboga wakaingia, wakaondoka. Kwa propela ile fupi kabisa, mshale wa kipimo ulipita mahali ambapo fundi hapendi ufike. Wakarudi, wakafunga ile nyingine. Safari hii boti iliinua mkia taratibu, ikalala sawa juu ya maji, ikakaza mwendo bila kelele.

Fundi alisema kipimo kimetulia. Mama hakukitazama. Alimtazama mumewe, aliyekuwa amefumba macho, kiganja juu ya kifuniko cha mashine.

"Hii," akasema Mshale. "Hii ndiyo yako."

Kabla hawajafika ng'ambo, aliomba ashike usukani. Maisha yake yote aliushika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo ilibidi akalishwe upande wa pili na kuutumia wa kulia, na mama akaweka mkono wake juu. Boti ikaenda upogo, mara huku, mara kule. Wauza mboga wakauliza kama leo wanapelekwa sokoni au wanachorewa ramani. Mshale alicheka mpaka mate yakamtoka, na mkewe akampangusa kwa ncha ya kanga, bila kuuachia usukani. Hakuna aliyewahi kumwona akienda polepole namna ile, na hakuonyesha haraka yoyote ya kufika.