Msumeno Aacha Kutafuna Barafu

Saa kumi na moja alfajiri, mlango wa chumba cha baridi unafunguliwa na mvuke mweupe unawamwagikia wapakiaji magotini. Msumeno anatupa kulabu, inauma jiwe la barafu, analivuta mpaka kwenye mtelezo. La pili. La tatu. Mnyapara amesimama pembeni, mikono mfukoni, anamtazama kama mtu anayenunua ng'ombe.

Leo anajaribiwa. Akilijaza lori hili bila kukaa chini, anarudishiwa nafasi yake. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine, naye atabaki na fagio alilopewa alipougua.

Ana miaka arobaini na tisa na watoto wanne. Shule aliiachia darasa la tano. Jiwe moja la barafu lina kilo ishirini na tano. "Kazi hii haitaki cheti," anasema. "Inataka mgongo."

Mgongo ndio uliomponza. Kwa miaka mitatu alimeza vidonge vya maumivu kila asubuhi, tumbo tupu, ili aweze kuinama. Kisha pumzi ikaanza kukata. Ngazi nne za kupanda ofisini zikawa mlima. Na akaanza kutafuna barafu, vile vipande vinavyoruka chini ya mashine ya kukatia, kutwa nzima. Ndipo wenzake wakampa jina.

"Mashine imezimwa, lakini msumeno bado unasikika," anasimulia mpakiaji mwenzake, akicheka. "Kumbe ni meno yake!"

Mkewe hakucheka. "Nilimwambia, baba watoto, viganja vyako vimepauka kama karatasi. Ananijibu eti ni baridi ya kazini. Siku alipoanguka na jiwe, nikamwambia achague: hospitali, au arudi kwa mama yake."

Akachagua hospitali. Foleni ya kupima damu ilikuwa ya wajawazito watupu. Mmoja akamuuliza, "Wa ngapi huyo, baba?" Akajibu, "Wa tano." Benchi zima likavunjika mbavu, wakamsogezea nafasi akakaa.

Hemoglobini yake ilikuwa 6.9. Mwanamume hutakiwa kuwa na 13 au zaidi. Daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, hakuishia hapo. Aliagiza damu itazamwe kwa darubini, na akiba ya madini ya chuma ipimwe. Chembe nyekundu zilionekana ndogo, zimepauka. Akiba ilikuwa karibu kukauka. Hata ile hamu ya barafu, akamweleza, ni dalili inayojulikana ya kukosa madini hayo.

"Akaniambia mwanamume mzima haishiwi chuma hivi hivi, lazima kuna mahali panavuja," anakumbuka. "Akaniuliza habari za choo. Nikaona haya, lakini nikasema: cheusi, kama lami."

Vidonge vya maumivu vilikuwa vimemchimba kidonda tumboni. Akatibiwa kidonda, akakatazwa vidonge vile, akaanzishiwa vya madini ya chuma.

Miezi miwili baadaye damu ilikuwa 7.4 tu. Daktari akakunja uso. Unameza? Nameza. Kila siku? Kila siku. Unameza na nini?

"Na chai ya rangi."

Wapakiaji wa barafu hushinda na chupa ya chai nzito, mikono isife ganzi. Msumeno alimeza kidonge kwa kikombe cha kwanza, asije akasahau.

"Baba, unatwanga maji," daktari akamwambia. "Chai inakikamata hicho chuma kabla mwili haujakipata. Meza kwa maji, ule na chungwa. Chai isubiri mpaka zipite saa mbili."

"Saa mbili bila chai mle ndani, ni adhabu," anasema Msumeno. "Lakini wiki ya tatu nilipita kwenye vile vipande, nikaona ni barafu tu. Mate hayakunitoka." Mwezi uliopita damu ilifika 13.2.

Lori limejaa. Msumeno anahema, jasho linamtoka penye baridi, lakini amesimama. Mnyapara analigonga lori ubavuni liondoke.

"Kesho usichelewe," anamwambia. Basi, hakuna hotuba. Anageuka, kisha anarudi. "Hivi vidonge vyako vinauzwa wapi? Shemeji yako naye siku hizi ni kuchoka tu."

"Usimnunulie. Daktari alinionya, kupungukiwa damu kuna aina nyingi. Mwingine anakosa vitamini, chembe zake zinakuwa kubwa kupita kiasi. Mwingine ana selimundu ya kuzaliwa nayo, na chuma cha kubahatisha kinaweza kumdhuru. Mpeleke apimwe kwanza."

"Umekuwa daktari sasa?"

"Nimekuwa mgonjwa. Inatosha."

Vidonge bado anaendelea navyo miezi mitatu zaidi, ili akiba ijae. Ameambiwa wengi huacha wakishapata nguvu, kisha wanarudi walikotoka. Yeye haachi, maana ana hesabu yake.

"Kitinda mimba wangu yuko kidato cha pili," anasema, akifuta kulabu kwa gunia. "Nitayavuta mawe haya mpaka amalize. Baada ya hapo, anayenitaka anitafute juani."