Bakapu ya Daftari la Ubatizo

Mimi ni karani wa parokia, kidato cha pili nilikiachia njiani, na sina hakika kama haya nayakumbuka kwa mpangilio wake. Nitajitahidi tu nisimwonee mtu, hata kompyuta.

Mchwa walikuwa wameshakula daftari la ubatizo karibu nusu ndipo padre akaniagiza majina yaliyobaki niyaingize kwenye kompyuta. Nikayaingiza. Kila Ijumaa nikawa nachukua bakapu kwenye flashi, kwa programu iliyokuja na CD yake. Ikimaliza inaniwekea tiki ya kijani, na mtu mzima naenda nyumbani nimefurahi kwa sababu ya tiki. Daftari lenyewe, kwa kuwa tulishakuwa watu wa kisasa, likaenda jikoni kuwashia kuni. Aliyelipeleka ni mimi.

Kisha fundi akaja kuiwekea kompyuta mfumo mpya. Ili kazi iwe safi, ilibidi afute kila kitu.

"Bakapu unayo?" akauliza.

"Ya kila Ijumaa," nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Niseme haki: kompyuta ilituonya. Ilileta orodha ya programu ambazo mfumo mpya hautazikubali, kwa Kiingereza kirefu. Fundi akanitazama. Nikamwambia, bonyeza tu uendelee. Baada ya hapo tukapata kwenye kioo saa kubwa na picha ya milima yenye theluji, kitu ambacho hapa Simiyu tulikuwa tunakikosa sana. Programu ya bakapu ikagoma kufunguka: haiendani na mfumo huu. Kwenye flashi kulikuwa na faili moja kubwa, na hakuna programu nyingine iliyoweza kulifungua.

Ningenyamaza, ila siku ya Jumanne akaja binti mmoja wa kijiji cha Ngulyati na mama yake wa ubatizo. Jumamosi anafunga ndoa, ng'ombe wa mahari wameshafika kwao, na bila cheti cha ubatizo padre hafungishi.

"Mwangaluka, karani," yule mama akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Cheti kiko kwenye kompyuta. Njooni Alhamisi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliona aibu.

Fundi akasema ni jambo dogo: tutafute kompyuta yenye mfumo wa zamani, tuiwekee programu ile kwa CD yake. Kompyuta ilipatikana kwa mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, ile ile tuliyokuwa tunaicheka kila akiifungua. CD ndiyo ilikuwa shambani. Shangazi aliniomba vitu vya kung'aa vya kufukuzia kwelea kwenye mpunga wake, nami nikampa, maana programu si ilishaingia?

"Shangazi, naomba CD yangu."

"Ipi? Hapa kuna kwaya kumi na mbili na harusi nne. Chagua."

"Yenye maandishi ya bluu."

"Hiyo ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Ukiitoa, simama wewe mahali pake."

Nikasimama karibu saa nzima, nikipunga mikono, mpaka aliporudi na debe la kugonga. Kwa haki, ndege hawakunijali.

CD ilikuwa imepauka kwa jua. Mwalimu akaipangusa kwa shati, ikasomeka mara ya tatu, na Jumatano mchana tiki ya kijani ikatokea. Majina yote yakarudi. Nikatafuta la yule binti: halipo. Nikatafuta kwa mwaka, kwa jina la baba, kwa jina la mama. Halipo. Hapo nikakumbuka kurasa mbili zilizogandishwa na udongo wa mchwa, nilizozifunua pamoja nikijiambia nitazirudia. Wiki nzima nimeitukana programu, kumbe ilitunza kwa uaminifu kila nilichoipa, pamoja na uvivu wangu.

Alhamisi nikamweleza padre yote, mbele ya binti na yule mama. Binti akaficha uso kwenye kitenge. Padre hakunifokea, jambo lililoniuma zaidi. Akamgeukia yule mama.

"Mayu, siku ya ubatizo ulikuwepo?"

"Nisiwepo nani amshike? Gauni nilishona mimi. Alimkojolea padre wa wakati ule, tukacheka mpaka katekista akatukemea. Niapishe, Padre, nikusimulie mpaka chakula tulichokula."

Padre akasema Kanisa linakubali shahidi wa namna hiyo. Akaleta Biblia, mama akaapa, cheti kikaandikwa kwa mkono na kugongwa mhuri. Sidhani kama ilifika dakika kumi.

"Kwa hiyo hili swali," mama akaniuliza, "kuniuliza Jumanne ilikuwa kazi ngumu?"

Binti akakisoma cheti mara mbili, akakikunja, kisha akasema polepole, "Karani, na mle ndani utaniandika?"

"Nitakuandika, mdogo wangu."

"Ataandika sasa hivi," mama akasema.

Kompyuta ya mwalimu ilikuwa bado mezani kwangu, ofisini. Wakasimama nyuma ya kiti changu, wote wawili, na hawakuondoka mpaka nilipomaliza jina lake la tatu, la babu.