Mwanga Usioona Mtandio

Mashine mpya ya kukatia karatasi ilipofika kiwandani kwetu, wenzangu walishangaa ukubwa wake. Mimi nilizishangaa nguzo mbili nyeusi zilizosimama mbele ya kisu, moja kulia na moja kushoto, na katikati yake patupu. Fundi aliyekuja kuifunga alituambia kwamba pale patupu pana mwanga, na mwanga huo ndio utakaotulinda mikono. Niliinama nikachungulia. Sikuona kitu.

Ilikuwa miaka ya themanini, kwenye kiwanda cha uchapaji kule Gikondo, mjini Kigali. Tulichapa madaftari ya shule, kalenda na vibandiko vya chupa. Kila asubuhi niliteremka kwa miguu kutoka Biryogo, nyumbani kwetu, ambako baba alishona nguo kwenye kibaraza cha duka. Baba yake naye alikuwa mshonaji, aliyefika Kigali kutoka pwani na mzigo wa vitambaa. Nilikulia kati ya mikasi na vipande vya nguo, na nadhani ndiyo sababu patroni, mwenye kiwanda, aliniweka kwenye kazi ya kukata.

Aliyenifundisha kazi hiyo tulimwita Muzehe, kama wanavyoitwa wazee wote kwetu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikatwa na mashine ya zamani, ambayo sote tuliiita masiko, kwa jina lake la Kifaransa. Mwenyewe hakupenda kulisimulia jambo hilo. Wanawake wa meza ya kushonea madaftari ndio walioniambia: karatasi ilijikunja, akanyoosha mkono kuiweka sawa, na kisu kilikuwa tayari kinashuka. Tangu hapo alisukuma karatasi kwa ubao mwembamba, na mimi pia akanichongea wangu.

Fundi alikuwa Mzaire wa Bukavu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, anayeongea Kiswahili cha upande wao. Alichukua ndizi mbivu, akakianzisha kisu, kisha akaisogeza ndizi katikati ya zile nguzo. Kisu kilisimama njiani.

“Ile mwangaza iko, lakini haionekane na macho,” alisema. “Ukiikata na mkono, masini inasimama.”

Akafanya vilevile kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatualika mmoja mmoja. Nilipoingiza wangu nilitarajia kuhisi joto, au hata mwasho. Sikuhisi chochote, na kisu kilikuwa kimesimama juu ya karatasi kama kilichosahau kilichokuwa kinafanya. Zamu ya Muzehe ilipofika, alitia mikono yote miwili mifukoni mwa koti lake la kazi, akasema kwa upole kwamba yeye atausadiki mwanga huo akiwa mbali.

Wiki zilizofuata nilikata karatasi huku nawaza. Mwanga unajuaje kwamba huu ni mkono? Niliwauliza wenzangu, wakanijibu kuwa Wazungu waliufundisha. Jibu hilo halikunitosha.

Siku moja asubuhi nilikuwa nakata madaftari. Nilikuwa nimejifunga kichwani mtandio mwembamba wa shifoni, kama nilivyozoea. Niliinama kuweka mrundo sawa, na bila mimi kujua, ncha ya mtandio ikalala juu ya karatasi. Nikarudi nyuma kidogo, nikabonyeza vitufe viwili vya kukatia. Kile chuma kinachobana karatasi kabla ya kisu kushuka kiliubana na mtandio pamoja nazo. Nikavutwa shingo, kichwa kikaenda mbele. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, paji la uso wangu lilikuwa katikati ya zile nguzo, na kisu kimesimama kikiwa bado juu.

Nilichosikia ni viatu vya Muzehe vikija mbio, kisha nikaona mkono wake ukipita karibu na jicho langu na kusimama pale pale penye mwanga. Ulikuwa ule wa vidole vitatu.

“Usitikisike, mwanangu,” aliniambia. “Mkono yangu iko ndani. Kisu haiwezi kushuka.”

Alimwagiza mwanamke mmoja wa meza ya kushonea akazime umeme ukutani. Mkono wake haukutikisika hata kidogo mpaka mngurumo wa mashine ulipokufa. Ndipo akaomba mkasi, akaukata mtandio wangu karibu na kidevu, nami nikainuka.

Tulikaa juu ya mabunda ya karatasi, tukaletewa chai. Muzehe aliutazama mkono wake mbele na nyuma, akaniuliza kama nilihisi joto lolote pale kwenye paji la uso. Nikamwambia hapana.

“Na mimi sikusikia kitu,” alisema. Akaonekana kama mtu aliyetaka kuuliza zaidi.

Patroni aliogopa, akamwita fundi arudi. Fundi aliipima mashine siku nzima, kisha akasema ni nzima kabisa. Nikamuuliza: ikiwa ni nzima, kwa nini ilikiona kichwa changu lakini haikuuona mtandio, ilhali mtandio ndio uliotangulia? Akasema hata yeye angependa kujua, na kama nina vitambaa nyumbani, nije navyo.

Kesho yake nilikuja na furushi la mabaki kutoka kwenye kikapu cha baba. Fundi alikifunga kisu kisiweze kushuka, akaacha taa ndogo tu ya pembeni. Taa hiyo ilikuwa ya kijani mwanga unapofika ng’ambo, na nyekundu unapokatwa. Muzehe alivuta kigoda akakaa mbele kabisa.

Nilianza na kaki. Nyekundu. Kitenge, nyekundu. Poplini nyeupe nilidhani itapita kwa sababu ya weupe wake, lakini ikawa nyekundu pia. Muzehe aliomba apulizie moshi wa sigara yake, na taa ikabaki kijani. Akaingiza glasi ya chai aliyokwisha kunywa, kijani tena, akacheka peke yake. Kisha nikanyoosha kipande cha mtandio uliokatwa. Kijani. Nilipoukunja mara mbili, ikawa nyekundu. Mwisho niliingiza neti ya shela la bibi harusi, nikaisogeza juu, chini, pembeni. Taa haikubadilika.

Fundi aliichukua ile neti akaiweka mbele ya uso wangu, akanigeuza dirishani.

“Unaona miti kule inje?”

“Naiona.”

“Basi na masini inaona vile vile, mwangaza inapita kwenye matundu. Masini haijue mutu, dada. Inajue tu kama mwangaza imefika ama haikufika.”

Nilisimama pale na neti usoni, nikaitazama miti. Siku zote nilidhani mwanga ule unatuangalia. Kumbe haukuwa ukituangalia hata kidogo, na bado ulikuwa umeniokoa. Mpaka leo sijui niseme nilifurahi au nilihuzunika. Ila nilitaka kujua mengine zaidi.

Patroni aliamuru mtu yeyote asiikaribie mashine na kitambaa kinachoning’inia, na akaniambia niwe kichwa wazi. Nikamwambia hilo siwezi, lakini anipe siku moja. Baba alinishonea kofia ya kaki inayofunika nywele na shingo, isiyo na ncha yoyote. Tuliipima kati ya nguzo mbele ya patroni, taa ikawa nyekundu, naye akakubali. Wanawake wa meza ya kushonea, ambao hata hawakuwa Waislamu, wakataka za kwao kwa ajili ya vumbi la karatasi, na baba akapata kazi ya wiki nzima.

Muzehe naye aliuzoea mwanga. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kukata, alipitisha ule ubao wake kati ya nguzo na kuitazama taa. Siku nyingine, akidhani hakuna anayemwona, alipitisha mkono.

Baba alipoleta kofia za wanawake, aliomba aonyeshwe mashine. Fundi, aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao, alimpitishia mkono mara kadhaa. Baba akatoa kidole gumba chake, ambacho sindano ya cherehani ilikwisha kukitoboa zaidi ya mara moja, akauliza kama mwanga wa namna hii hauwezi kufungwa kwenye cherehani. Fundi hakucheka. Alifikiri, akakipima kidole kile kwa macho, akamweleza kuwa kwenye cherehani vidole hukaa karibu na sindano wakati wote, kwa hiyo mwanga ungeisimamisha kazi kutwa nzima.

“Basi tutaendelea kutobolewa,” baba alisema, wakapeana mikono.