Mkongo wa intaneti ulipita shambani kwa mama mkwe, nikawatangazia wakwe wifi

Wakuu, habari za muda huu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Anayebisha aende Ziba akaulize, mashahidi wapo wengi kuliko ningependa.

Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Tatizo langu ni moja: nikijua kitu nusu, nakifundisha chote.

Mwaka jana tulikwenda msibani ukweni, Ziba, wilaya ya Igunga. Nyumba ya mama mkwe inatazama lami.

Nikatoka kunyoosha miguu, nikaona vile vinguzo vifupi vya zege vinavyoonyesha kwamba chini umefukiwa mkongo wa intaneti. Kimoja kiko ukingoni mwa shamba lake la mahindi, kimefungiwa mbuzi.

Nikajiona tajiri. Intaneti inapita hapa hapa, na watu wanapanda kichuguu kutafuta mtandao?

Jioni wazee wamekaa, nikasimama. Hakuna aliyenipa nafasi ya kusema, nilijipa.

"Wazee wangu, kabla ya mavuno Ziba itakuwa na wifi. Mkongo uko hapo shambani kwa mama, kazi ni kuunganisha tu."

Mjomba wa mke wangu akauliza, "Kama maji ya bomba?"

"Hivyo hivyo, mjomba."

Wakanipigia makofi. Msibani, wakuu.

Mama mkwe akafurahi kuliko wote. Binti yake mdogo anafanya kazi Oman, na alikuwa hajamwona uso tangu aondoke.

Niliporudi mjini nikauza pikipiki, nikanunua antena, betri na sola. Ndipo nikakumbuka kwenda Nzega kuwauliza wenye mkongo. Ndiyo, kwa mpangilio huo.

Nikapokewa na mhandisi wao, dada mmoja mpole. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Kaka, treni ikipita kijijini kwenu na stesheni hakuna, utapandia wapi?"

Akanieleza kwamba kuushusha mtandao mahali kunataka chumba cha mitambo, umeme wa uhakika, jenereta na mlinzi. Kampuni inajenga hivyo penye wateja wa kutosha. Nzega ni njia panda, kuna mabenki, kuna watu wa dhahabu.

"Ziba kitaalamu inawezekana," akasema. "Ila hailipi."

Nikatoka nimenuna, nikiwaita mabepari njia nzima. Na mimi mtoto wa Tabora nilipaswa kujua. Hata misafara ya zamani ilipita vijiji vingi, ikapiga kambi penye maji na chakula cha kununua.

Nikaona nichukue mtandao Nzega niurushe kwa antena hadi Ziba. Lakini mnara unataka kiwanja, umeme na ulinzi, na mimi pikipiki nilikuwa nimeshaiuza.

Wenye kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Ziba, wakakubali niweke antena juu ya paa lao, mradi wao wahudumiwe kwanza. Kisha nikavuta laini kwa wanunuzi wa mpunga, kisha shule ya sekondari. Kila antena ilielekea kwa anayeweza kulipa.

Nyumba ya mama mkwe iko upande wa pili, nyuma ya miti. Kumfikia kulihitaji mnara mwingine, kwa mteja mmoja.

Nikapiga hesabu. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukimwambia mke wangu, "Kwa mama inawezekana, ila hailipi."

Mke wangu akampelekea mama yake maneno hayo kama yalivyo.

Kwetu mkwe haongei nawe ana kwa ana, kwa hiyo mama akanitumia ujumbe kupitia mke wangu: "Mwambie mkwe wangu sina neno. Nauliza tu, huo mkongo unalala shambani kwangu kama nani?"

Halafu akabeba kigoda, akatembea mpaka kiwandani, akakaa kando ya marobota ya pamba na kumpigia binti yake wa Oman simu ya video. Wakalia wote wawili. Mimi nilikuwa juu ya paa nakaza nati, nikajifanya sioni.

Akarudi kesho yake na chupa ya chai, maana aliona watu wengi wanakuja pale kushika mtandao na njaa zao. Leo ana banda la chai na maandazi, na wanaonunua bando langu wengi wanalifuata banda lake. Chai yangu naletewa na mtu mwingine, kwa heshima. Huwa imepoa.

Funzo, wakuu: ukiona waya umepita kwako, usiulize unatoka wapi. Uliza unashukia wapi, na nani aliyelipia ngazi. Na uulize kabla ya kuuza pikipiki.

Mliosambaza intaneti vijijini, njooni mnikosoe. Wa kunicheka pia karibuni, ila tumieni lugha nzuri, mjomba naye sasa ana bando na anasoma humu.