Nilimwita Luvanda Mwizi kwa Picha ya Setilaiti

Jamani, mkiniita mjinga nitaitika. Kosa hili ni langu, na kila nikijaribu kumsukumia mtu mwingine linanirudia. Acheni niliseme, maana kifuani limekaa vibaya.

Mimi ni askari wa wanyamapori mkoani Iringa. Nilichaguliwa kwenda Mbeya wiki mbili kusomea ramani za kompyuta na picha za setilaiti. Tulipanga vyumba mtaa wa Ilomba, tukala vizuri, tukafundishwa kukaa mezani na kuliona pori lote. Nilirudi kichwa kimevimba! Wenzangu wakaniita Injinia, na mimi naitika.

Kazi ya kwanza niliyojipa ilikuwa kuuchukua mpaka wa hifadhi ya kijiji kutoka ramani ya zamani ya wapima ardhi, niupandishe juu ya picha mpya ya setilaiti. Mpaka ukatokea, mstari mwekundu. Na ndani ya mstari, kwenye ushoroba wanapopita tembo, shamba! Limelimwa vizuri kabisa. Shamba la Luvanda.

Luvanda ni mwenzangu wa doria. Miaka tisa tumelala hema moja, tumekula ugali sufuria moja. Mwanakijiji, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu asiyeokota hata kuni za jirani. Lakini nilipouona ule mstari, mwenzenu nikabadilika.

Nikaanza kumchunguza. Kwa nini amepaua bati mwaka huu? Kwa nini kila siku anataka doria ya upande ule ule wa mtoni? Simu ikiita anasogea pembeni, anaongea na nani? Hata alipoleta mahindi ya kuchemsha ofisini sikula. Nikasema moyoni, haya ndiyo mahindi ya kwenye njia ya tembo.

Nikamshtaki kwa bosi. Luvanda akaitwa, akaitazama kompyuta muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Mnyalukolo," ndivyo anavyoniita, yaani ndugu yake wa Iringa, "hapo pamekosewa. Bikoni ipo, lile jiwe la saruji walilozika wapima. Liko chini ya shamba langu, kuelekea mtoni. Twende nikakuonyeshe, ni mwendo mdogo tu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia bosi, Luvanda anasikia: "Porini na huyu siendi. Nani anajua kaniandalia nini huko?"

Yesu wangu! Mtu niliyelala naye porini miaka tisa! Alivaa kofia yake akatoka.

Bosi akaiamini ramani yangu, wakamwachisha kazi. Mahindi yake yakafyekwa yakiwa yameanza kutoa mbelewele, na mimi ndiye niliyesimama na GPS kuwaonyesha wafyekaji pa kuishia. Mkewe alikaa kwenye tuta akiangalia. Kanisani wakamvua uzee. Kijiji kizima kikamwita mwizi wa ardhi, na neno hilo nililianzisha mimi.

Miezi mitatu baadaye nikatumwa kuchimbia vibao vya mpaka. Nikashuka chini ya shamba lile kutafuta maji ya kuchanganyia zege, nikajikwaa. Loo! Bikoni hiyo, imefunikwa na nyasi, na namba zake ni zile zile za kwenye ramani ya zamani. Mkono wangu uko juu ya jiwe la mpaka, GPS inaniambia mpaka uko juu kule, karibu mita mia tatu.

Nikampigia mwalimu wetu wa Mbeya.

"Hiyo ramani ya zamani uliibadilisha vipimo kabla ya kuipandisha?" akaniuliza. "Zile zilipimwa kwa mfumo mwingine, usipobadilisha kila kitu kinasogea. Si niliwafundisha Alhamisi mchana?"

Alhamisi mchana! Alhamisi mchana mwenzenu nilikuwa Mwanjelwa, kwenye mitumba, najaribisha buti. Nilitoroka somo kwa ajili ya buti, jamani! Na hata ule mstari mwekundu, ambao ulipaswa kufuata ukingo wa mto, ulikuwa umeuacha mto mbali. Niliuona kwa macho yangu. Nikajiambia mto umehama.

Nikaandika barua nikakiri kila kitu. Nimetolewa kwenye kompyuta, sasa nakaa getini nafungulia magari. Hilo haliniumi sana. Luvanda alirudishiwa shamba, akaitwa kazini, akakataa. Akamchukua mkewe wakahamia Nyololo.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Mbeya, basi likasimama Nyololo. Nikamwona pembeni ya barabara na beseni la viazi vya kuchemsha. Nikashuka.

"Kamwene," nikamsalimu.

"Kamwene," akaitikia, kama anavyomwitikia abiria yeyote.

Nikamwomba msamaha pale pale, watu wananitazama dirishani, machozi yananitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanifungia viazi vitatu na chumvi pembeni, akakataa hela yangu.

"Nilishakusamehe, mnyalukolo," alisema. "Ila porini na wewe siendi."

Kondakta akapiga bati, nikapanda. Safari hii nilikula. Nilivila vyote, na machozi yangu humo humo.

Nyie mnaopelekwa kozi, mnaorudi na kompyuta begani na majina ya Injinia, nawasihi. Msome mpaka somo la mwisho. Na mtu unayemjua akikwambia twende nikakuonyeshe, acha kumtafutia ubaya. Funga hiyo kompyuta, vaa buti, uende.

Mimi buti nilikuwa nazo.