Mkwe Aliyeonekana Kwenye Tableti

Sisi tunaokula kwa Mama Abdoul tunamjua kwa sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na hata chembe ya mchanga, na kwa kimya chake mtu akimuuliza habari za mwanawe. Jina lake hasa ni Latifa. Malewa yake, kibanda cha kuuzia chakula, iko nyuma ya stesheni ya reli hapa Kindu. Anapika pamoja na Fifi, mwanamke wa Butembo aliyefuata biashara za mumewe na kuzoea joto letu.

Abdoul ni mtoto wake wa pekee. Mwaka wa tisini na nane, wakati wa likizo kubwa, mjomba wake Aboubakar alimchukua wakaenda Lubutu, alikokuwa akiuza nguo. Ilikuwa safari ya kwenda na kurudi kabla shule hazijafunguliwa. Vita vikaanza mwezi wa nane, na mvua zilipokolea waasi walikuwa wameshauteka mji wetu. Treni ikasimama. Njia ya Lubutu ikawa ya wenye bunduki, leo hawa, kesho wale. Latifa alifunga mzigo wake mara kadhaa, akavuka mto hadi Alunguli, na kila mara askari walimrudisha. Wa mwisho alimwambia, “Mama, ukipita hapa utakufa, na huyo mutoto atamupata nani?” Akarudi.

Simu hazikuwepo. Habari zililetwa na watu wa baiskeli, na kila kinywa zilimopita ziliongezewa chumvi. Mchuuzi mmoja wa mawese alikuja kumwambia amemwona Abdoul, amenenepa, anasoma chuo cha Kurani. Latifa akapika wali wa shukrani, akagawia jirani. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa Abdoul wa watu wengine. Hakumlaumu yule mchuuzi. Amlaumu kwa lipi? Alirudi jikoni akaendelea kungoja, maana hakuwa na jingine la kufanya.

Njia zilipofunguka, Abdoul alirudi akiwa kijana mrefu, ndevu zinamchomoza. Mjomba hakurudi naye. Aliyoyaona huko hakuyasema, na mama hakuuliza. Akasoma, akafanya kazi Kisangani, akaondoka, mwisho akafika Montréal, Kanada, anakooka mikate usiku na kulala mchana. Akipiga simu husema, “Mama, niko muzima. Na wewe?” Kisha anasikika akipumua tu.

Miaka michache iliyopita alimtumia mama yake tableti kupitia mtu aliyekuwa anakuja. Ndani yake aliweka huduma ile ya kutazama filamu kwa mtandao, anayoilipia yeye huko. Ukiifungua, inakuuliza nani anatazama, na picha zinajipanga, kila picha na jina chini yake. Zilikuwa mbili: Abdoul na Mama.

Latifa aliipenda, lakini si kwa sababu ya filamu. Aligundua kwamba akigusa picha ya Abdoul anaona alichokuwa akitazama mwanawe na alipoishia. Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha makaa, alinunua mega kidogo za mtandao na kuangalia.

“Jana aliangalia watu wanajenga nyumba ya miti,” alimwambia Fifi. “Hakumaliza. Usingizi ulimushika.”

“Ni vizuri, Mama Abdoul. Mutu anayelala ni muzima.”

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake na mwanawe, na yalimtosha.

Baada ya Ramadhani iliyopita ikatokea picha ya tatu: mbweha mwekundu, na chini yake jina, Vera. Latifa alilisoma herufi kwa herufi. Haukupita muda ikaja ya nne, dubu mdogo anayecheka, jina Tomi. Aligusa mbweha, akakuta filamu za mapenzi. Aligusa dubu, akakuta katuni.

Alikaa juu ya gunia la makaa, mkono mdomoni.

“Fifi! Abdoul ameoa!”

Fifi alikuja mbio na mwiko mkononi, akatazama, akapiga vigelegele hadi wapakiaji wa stesheni wakageuka. Hakuna aliyeshangaa kwamba Abdoul hakusema. Abdoul alikuwa amewahi kusema nini?

“Muulize basi,” tulimwambia.

“Mama haulizi mambo ya chumba cha mwanawe,” alijibu. “Atasema mwenyewe.”

Hata hivyo alijaribu kidogo. Alimtumia ujumbe wa sauti, na mwishoni akasema, “Salimia wote wa nyumbani.” Jibu likaja kesho yake: “Aksanti, mama. Watasikia.” Kumbe Abdoul anaishi na wanaume wengine wawili wa kazini, na aliwafikiria hao. Lakini Latifa aliurudia ujumbe ule mbele yetu sote, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea mgeni mlangoni.

Kuanzia hapo alianza kutazama katuni. Alifungua pale pale kwa Tomi, aone anachoona mjukuu. Kulikuwa na moja ya bata asiyependa kuoga. Lugha hakuielewa, lakini alicheka, akatusimulia tukiwa tunakula. Alimnunulia Vera kitenge na kukikunja vizuri, akisubiri mtu wa kumpelekea. Wateja wakaanza kumwita bibi wa Tomi, naye aliitika.

Asubuhi moja maandishi yote yalikuwa yamebadilika, yakawa ya herufi asizowahi kuziona. Picha zilikuwa nyingi, majina ya zile mpya hayasomeki. Mbweha alikuwepo na dubu alikuwepo, lakini Abdoul hakuwepo. Alitafuta juu na chini. Mwanawe alikuwa ametoweka.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, akapiga tena. Fifi anasema alimsikia akirudia, “Wamemuua. Wamemuua, na hakuna mutu wa kuniambia.”

Walimkimbilia Rodrigue, fundi wa simu kule sokoni, kijana wa watu mwenye subira. Akaipokea tableti, akabadilisha lugha ikawa Kifaransa, akafungua mahali panapoonyesha vyombo vyote vinavyoitumia akaunti ile. Televisheni, simu, televisheni nyingine, katika miji ambayo hata yeye hakuijua.

“Mama, hakuna aliyekufa,” alisema. “Hii konti imeibiwa. Mutu alipata neno la siri, akaliuza. Wengi wameingia, na sasa wamemufuta mwenyewe.”

“Vera ameiba?”

“Vera ni nani?”

“Muke wa mwanangu.”

Rodrigue alimtazama Fifi. Fifi akatazama chini.

“Mama,” Rodrigue alisema polepole, “huyu Vera yuko inchi nyingine kabisa, hayuko Kanada. Pengine yeye pia ameuziwa, hajui hata kama ni kitu cha wizi. Hamujui mwanako. Mwanako hamujui.”

“Na mutoto?”

“Mutoto ni wake yeye.”

Latifa hakulia. Alimwambia tu, “Basi ifunge.” Rodrigue alijaribu kuwatoa watu wote kwa mara moja, lakini ilimtaka neno la siri, na Latifa hakuwahi kulijua. Akaomba neno jipya. Ikasema kode imetumwa kwenye barua pepe, na barua pepe yenyewe haikuwa tena ya Abdoul. Wezi walikuwa wameweka ya kwao. Akiwa bado anahangaika, kioo kikawa cheusi, kikaomba jina na neno la siri. Wamefungiwa nje. Rodrigue aliirudisha tableti kwa mikono miwili, akasema, “Nisamehe, mama. Kutoka hapa siwezi kitu.”

Abdoul alipiga simu kesho yake, sauti nzito ya usingizi.

“Mama, nimeona umepiga sana. Kuna nini?”

Alimweleza. Mwanawe akafungua barua pepe zake, akakuta maonyo ya miezi kadhaa: mtu ameingia kwa kifaa kipya, mtu amebadilisha anwani. Hakuyasoma hata moja. Neno lake la siri lilikuwa lile lile analotumia kila mahali.

“Nitaandikia kampuni,” alisema.

Kampuni ilimtaka athibitishe kadi aliyolipia tangu mwanzo, na kadi ile ilikuwa imeshabadilishwa na benki. Akaandikiana nao, akangoja, akajibiwa na mtu mwingine aliyeanza maswali upya. Latifa alikuwa akiuliza tu, “Wamesema nini?” na jibu lilikuwa, “Bado, mama.” Aliacha kununua mega.

Hatimaye walimrudishia. Alipiga simu malewa ikiwa imejaa, tukasikia sote.

“Nimeipata, mama. Nimewatoa wote, nimeweka neno jipya, refu. Sasa ninafuta zile picha zao.”

“Abdoul. Hauna muke?”

“Sina, mama. Nilikuambia nina muke?”

“Haukuniambia.” Aliweka upawa chini. “Yule mudogo wa dubu, hauwezi kumuacha?”

“Mama, huyo hatumujui.”

“Ninajua hatumujui. Hamusumbui mutu. Anaangalia bata tu.”

Kisha Abdoul akasema, kwa upole ambao hatukuujua kwake, “Nimeshamufuta, mama. Samahani.”

Latifa aliweka simu mezani, akaendelea kupakua wali. Alimpakulia mtu ambaye sahani yake ilikuwa bado imejaa.

Jioni ile Francine, jirani yake, alikwenda kwake na sukari. Wengine wakafuata, mmoja na makaa, mmoja na majani ya chai, kama tunavyofanya kwenye msiba. Tukaketi mkekani. Kwa kawaida kuna maneno ya kusema: Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Lakini hapa hakuna aliyekufa, na huyo mtoto mahali fulani alikuwa hai, anacheka. Tulitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Latifa mwenyewe alitandika mkeka wa pili ili watu wakae vizuri, akaomba radhi kwamba maji ya chai yanachelewa kuchemka.